Gitaa, Amplifaya na Jua la Garissa

Mhariri wa jarida letu ameniomba (au tuseme ameniamrisha) niandike juu ya kutunza gitaa na amplifaya. Sababu anaijua yeye, na wengi wenu mnaijua pia: mimi ndiye niliyeling'oa daraja gitaa la chama. Kisa hicho nimekisikia kikisimuliwa kantini kwa namna tatu, na zote tatu si za kweli. Kwa hivyo naomba nianze nacho.

Gitaa letu kavu, lile la rangi ya asali, tuliachiwa na mwalimu mmoja aliyehamishwa. Ndilo gitaa kavu la pekee hapa shuleni, na chama hakina pesa za kununua lingine. Basi, wiki mbili kabla ya tamasha la muziki, uzi wa tatu ulikatika, tap! Kazi ya kutafuta nyuzi nikapewa mimi. Nilizunguka Soko Mugdi lote, duka hadi duka, nikiuliza nyuzi za gitaa. Wengine walinicheka, wengine walinionyesha nyaya za redio. Mwishowe nikapata kijana mmoja mwenye pakiti moja ya nyuzi za chuma. Nikamwambia letu lina nyuzi za plastiki. Akanijibu, "Nyuzi ni nyuzi, kaka." Nikalipa.

Nilizifunga zote sita siku ya Ijumaa baada ya masomo. Lo! Sauti ilikuwa kali, inang'aa, nikajiona Franco mwenyewe amekuja Garissa. Nikaliegemeza gitaa ukutani karibu na dirisha, nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu asubuhi nilikuta daraja limeng'oka, linaning'inia kwenye nyuzi kama jino la mtoto, na limebeba vipande vya mbao ya kifuani.

Daraja ni kile kipande cha mbao kilichogandishwa kwenye kifua cha gitaa, ambapo nyuzi hufungwa. Hakina msumari. Kimeshikwa kwa gundi tu. Sasa sikilizeni hesabu hii. Nyuzi sita za chuma zikishakazwa hadi sauti zake sawasawa, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa jumla. Yaani ni kama mtu mzima amening'inia kwenye daraja mchana na usiku, bila kushuka. Nyuzi za nailoni huvuta kama nusu ya hiyo. Aliyeunda gitaa la nailoni aliliundia mbao nyembamba na mihimili myepesi kwa ndani, ili litetemeke vizuri chini ya mzigo mdogo. Mimi nikaliongezea mzigo mara mbili, kisha nikaliacha siku tatu chini ya mabati. Joto hulainisha gundi. Yaliyobaki mnayajua.

Mtu atajuaje gitaa lake ni la nyuzi gani? Tazama darajani. Kama nyuzi zimefungwa fundo kwenye daraja, hilo ni la nailoni. Nyuzi tatu nyembamba zinafanana na uzi wa kuvulia samaki, na shingo yake ni pana. Kama kila uzi una kishanga cha chuma mwishoni na umezuiwa kwa kipini kinachoingia kifuani, hilo ni la chuma. Kufunga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la chuma hakulivunji, ila sauti itakuwa hafifu kama ya mgonjwa. Kinyume chake ndicho kilichonifikisha kwenye ukurasa huu.

Abti wangu (kwa wasio Wasomali, abti ni ndugu wa mama) hutengeneza redio na simu. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa seremala mmoja kule Bulla Iftin. Njiani akanihadithia kwamba jina hilo Iftin, ambalo kwetu maana yake ni mwanga, lilikuwa pia jina la bendi ya Mogadishu iliyovuma miaka ya 1970 na 1980 kwa magitaa ya umeme. Mimi nilidhani Wasomali tuna kaban tu, ile ala ambayo Waswahili wa pwani huiita udi. Kumbe!

Seremala hakuanza kwa kupaka gundi, nilivyotarajia. Alianza kwa kukwangua gundi ya zamani yote, kwenye daraja na kwenye kifua, mpaka mbao ikaonekana. Alisema gundi mpya juu ya gundi kuukuu haishiki. Kisha akapaka gundi nyeupe ya mbao, akabana kwa jiliwa huku ameweka vipande vya mbao laini pande zote mbili ili kifua kisiumie, akafuta iliyotoka pembeni kwa kitambaa chenye maji. Alituzuia kufunga nyuzi kwa siku mbili nzima. Tafadhali, yeyote asijaribu kutumia ile gundi ya papo kwa papo ya kubandika viatu. Hukauka ikawa ngumu kama kioo, hupasuka, na fundi wa baadaye atakulaani.

Nyuzi za nailoni ziliagizwa Nairobi zikaja kwa basi, zikafika jioni ya kuamkia tamasha. Hapo tukapata msiba wa pili. Uzi mpya hunyooka, na wa nailoni hunyooka kwa siku kadhaa kabla haujatulia. Sisi tulizifunga usiku, tukapanda jukwaani asubuhi. Ubeti wa kwanza ulikuwa sawa. Ubeti wa tatu gitaa lilikuwa limeshuka, waimbaji wako juu, mimi niko chini, na kila mtu ananitazama mimi. Tulitoka wa nne kati ya watano. Mwamuzi aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba ala haikulingana na sauti. Alisema kweli.

Kwa hivyo ukifunga nyuzi mpya, zivute kwa mkono. Kaza uzi hadi sauti yake, halafu ushike katikati, uinue polepole mbali na kifua, uachie. Utakuta umeshuka. Ukaze tena, uvute tena. Ukirudia mara tano au sita, uzi wa chuma utatulia siku hiyo hiyo. Wa nailoni upe siku tatu au nne. Tena, unapofunga kule kichwani, zungusha uzi mara mbili au tatu tu kwenye kigingi chake. Ukiuzungusha mara kumi utateleza, na kila siku utadhani gitaa ni bovu.

Kulinganisha sauti hakuhitaji simu, na simu shuleni mnajua mambo yake. Nyuzi zetu kutoka ule mnene ni E, A, D, G, B, E. Vile vyuma vya shingoni vinaigawa shingo kuwa vyumba. Bana uzi wa sita, ule mnene, katika chumba cha tano: sauti utakayoisikia ndiyo ya uzi wa tano ukiwa wazi. Uzi wa tano katika chumba cha tano unakupa wa nne. Wa nne unakupa wa tatu. Hapa watu wengi hukosea: wa tatu ubane chumba cha nne, si cha tano, upate wa pili. Kisha wa pili chumba cha tano upate wa kwanza. Daima maliza kwa kukaza. Ikiwa uzi umepanda mno, ulegeze upite chini kidogo, halafu upandishe hadi mahali pake. Ukimaliza kwa kulegeza, ule ulegevu utabaki kwenye meno ya kigingi na uzi utashuka ukiwa katikati ya wimbo.

Na kama uzi unaruka, yaani unakaza hausogei, halafu ghafla "tik!" unapita kiasi, umenasa katika kile kipande cheupe chenye mifereji baina ya shingo na kichwa. Dawa yake inauzwa kantini: penseli. Sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji. Ule unga mweusi hulainisha, na uzi huteleza bila kuruka. Nilipofundishwa jambo hili nilidhani natiwa ujinga.

Adui wa nyuzi ni mikono yetu wenyewe. Jasho lina chumvi, chumvi huleta kutu, na hapa Garissa nani hatoki jasho? Nawa mikono kabla ya kupiga, hasa kama umetoka kula nyirinyiri. Ile samli ikishaingia katika nyuzi zilizozungushiwa waya haitoki, na uzi hupoteza mlio ukawa kama umefungwa kitambaa. Ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu juu na chini ya kila uzi. Kazi hiyo haimalizi dakika moja, na nyuzi zitadumu zaidi.

Sasa jua. Mwezi wa tatu hapa kwetu kipimo hupita nyuzi 36 (za joto, si za gitaa!). Ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani, joto laweza kupita nyuzi 60. Buti la gari na dirisha la darasa si mahali pa gitaa. Ukisafiri nalo kwenda Nairobi, kilomita 370 hivi, liweke ndani ya basi uliko wewe, na ulegeze nyuzi kidogo. Ukame nao una hila yake. Mbao hupoteza maji, husinyaa, na kifua hupasuka kufuata mstari wa mbao. Dalili ya kwanza ni vile vyuma vya shingoni kuanza kuchoma kidole pembeni, kwa sababu mbao ya shingo imesinyaa na chuma hakikusinyaa. Tulichofanya sisi ni kuchukua kisanduku cha sabuni, kukitoboa matundu, kutia sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, na kukiweka ndani ya mfuko wa gitaa. Sponji isidondoke hata tone moja. Wakati wa mvua tunaitoa. Na gitaa lisilale sakafuni. Waliokuwa hapa Novemba 2023, Tana ilipofurika, hawahitaji kuelezwa.

Nije kwenye amplifaya, na hapa naomba mnisikilize zaidi, maana gitaa likivunjika ni hasara, lakini amplifaya yaweza kuua.

Mwaka jana tuliazimwa gitaa la umeme na mwanafunzi wa zamani. Waya wa amplifaya yetu ulikuwa wa plagi ya pini mbili, na soketi zetu mnazijua, ni za matundu matatu. Tukafanya kama wafanyavyo wengi nyumbani: tukachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili yafunguke. Ikafanya kazi. Siku ya tatu, mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameshika nyuzi za gitaa kwa mkono, akasogeza mdomo kwenye maiki aanze kuimba. Mdomo ulipogusa maiki tu, alirushwa nyuma, akaanguka na gitaa juu yake. Midomo yake ilitetemeka kwa muda mrefu. Alipona, alhamdulillahi. Mpaka leo haishiki maiki kwa mdomo.

Abti alipokuja alitueleza. Ile pini ya tatu ni ya waya wa ardhini. Kazi yake ni hii: kama kuna hitilafu ndani na stima ikavujia kwenye bati la amplifaya, ule waya huipeleka ardhini upesi na fyuzi hukatika. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na bati hilo kupitia waya wa gitaa. Sisi tulikuwa tumeondoa njia ya ardhini, kwa hivyo bati, waya na nyuzi zote zilikuwa na stima inayongoja. Maiki ilikuwa kwenye mashine nyingine, yenye pini tatu. Mwenzetu akawa ndiye njia: mkono huku, mdomo kule, na moyo katikati. Abti alibadilisha waya wote, akatia wa nyaya tatu na plagi yenye fyuzi, akafuatilia hitilafu mpaka akaipata. Kalamu aliivunja mbele yetu. Ukigusa nyuzi au bati na ukahisi mwasho hata kidogo, zima kwenye soketi, chomoa, umwite mwalimu. Na usifungue sanduku mwenyewe, hata kama umechomoa, kwani kuna vifaa ndani vinavyoweka stima kwa muda baada ya kuchomolewa.

Jua lile lile linaloharibu magitaa ndilo linalotoa umeme siku hizi: kituo cha umeme wa jua cha Garissa, cha megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019. Lakini umeme, hata utoke wapi, una kipimo chake. Kenya ni volti 240. Wengi wetu tuna jamaa Minneapolis, na jamaa hupenda kutuma vitu. Amplifaya ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka hapa moja kwa moja utasikia "pu", uone moshi, na zawadi imekwisha. Soma maandishi ya nyuma kwanza. Kama yanasema 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kupunguza. Na stima ikipotea ghafla, chomoa plagi. Ikirudi huja kwa kishindo, basi ngoja dakika chache kabla ya kuwasha.

Mambo mengine ni madogo. Shusha sauti hadi sifuri kabla ya kuwasha na kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya wa gitaa, ule mlio wa "bam!" hupasua karatasi ya spika. Amplifaya ifunikwe kwa leso isipotumika, kwa ajili ya vumbi. Vumbi likishaingia kwenye vidude vya kuongeza sauti, utasikia "khrr khrr" ukivizungusha. Zima, kisha zungusha kila kidude mwanzo hadi mwisho mara 30 hivi, mara nyingi hupona. Kisipopona, mafundi wa redio wana dawa ya kupuliza. Msitie mafuta ya kupikia! (Aliyefanya hivyo anajijua, simtaji.) Waya usiuzungushe kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe, hukatika kwa ndani. Na gitaa kavu lenye bateri ya volti 9 uchomoe waya wake ukimaliza, kwani kuuchomeka ndiko kunakowasha bateri. Sisi tulimaliza bateri mbili kabla ya kugundua.

Kuhusu utamu wa sauti, kila mtu ana sikio lake. Mimi huanza na vidude vya besi, kati na juu vyote katikati, halafu nabadilisha kimoja kimoja. Amplifaya ikiwa sakafuni, tena pembeni mwa ukuta, besi huzidi ikawa ngurumo. Iweke juu ya kiti, usikie tofauti. Ukumbi wetu una sakafu ya saruji na paa la mabati, unavuma ukiwa mtupu. Watu wakishajaa, nguo na miili yao humeza zile sauti nyembamba, basi ongeza kidogo kile kidude cha juu. Mwombe mwenzako apige nawe ukasimame watakakokaa wasikilizaji, kwa sababu nyuma ya amplifaya husikii wanachosikia wao. Likianza kupiga yowe, usielekeze gitaa kwenye spika. Sogea pembeni, au punguza sauti. Lile ngurumo la "mmmm" lisiloisha ni la stima yenyewe, ambayo hapa Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde. Ukigeuka polepole na gitaa lako, kuna upande ambao hupungua.

Na kabla hujagusa kidude chochote, jaribu mkono wako. Ukipiga karibu na daraja sauti ni kali na nyembamba. Ukisogea kuelekea shingoni inakuwa nene na laini. Kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye kadi ya zamani hutoa mlio mmoja, nyama ya kidole hutoa mwingine. George Mukabi, mpiga gitaa wa Magharibi ya Kenya aliyefariki mwaka wa 1963, alirekodi kwa gitaa kavu, na mdundo wake ukapigwa kwa chupa ya soda. Abti ananichezea santuri zake kwenye simu. Hakuna kidude hata kimoja mle, na bado kila uzi unausikia peke yake.

Gitaa la chama sasa linaning'inia kwenye msumari ndani ya stoo ya vitabu, ukuta usiopigwa na jua. Daraja bado limeshika. Ufunguo uko kwa mwalimu mlezi, na mazoezi ni kila Jumatano saa kumi. Zimebaki nyuzi za nailoni seti moja. Ukikuta uzi umekatika, usiende sokoni kabla hujanitafuta mimi.